Mhunzi wa Namanga na kisu cha Idi

Wahenga wetu wa pwani walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Yaani mtoto aliyezaliwa penye moto na nyundo, hata kama mkono wake haujaweza kufua chuma, hatakosa kushika mivukuto. Methali hii twaitamka mara nyingi, lakini ukimwuliza kijana wa leo mivukuto ni kitu gani, atakutazama tu. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, mpaka aibu iliponitoa nyumbani kwangu Mombasa ikanifikisha Namanga, mpakani na Tanzania.

Aibu yenyewe ilinipata siku ya Idi kubwa ya mwaka uliopita. Nilikuwa nimenunua kisu kipya cha kuchinjia. Kwa macho kilikuwa kizuri mno: kinang'aa kama kioo, kina mpini mweusi, na jina la kigeni limechorwa ubavuni. Muuzaji aliniapia kuwa ni chuma cha pua halisi. Usiku wa kuamkia Idi nilikinoa, nikakijaribu kwa malaika ya mkono, kikanyoa. Asubuhi mbuzi wa kwanza alikwenda salama. Kwa yule wa pili kisu kiliteleza. Makali yalikuwa yamelala kama ukingo wa sahani ya bati, na mnyama yule akapata taabu asiyostahili kuipata, hadi jirani yangu aliponipa kisu chake cha zamani, cheusi, kisicho na jina lolote.

Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Lakini kila aliyepitia chuoni anajua kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwamuru mchinjaji anoe kisu chake na amsitiri mnyama na mateso. Mimi nilinoa, nilitimiza wajibu wangu. Aliyeniuzia je? Swali hilo lilinikaa kifuani kwa miezi.

MNARA WA KITENGELA

Dada yangu ameolewa Kitengela, na huko ndiko nilikokwenda kupumzika kidogo. Mji huu ulikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei. Leo umejaa nyumba, na kando ya barabara kuu iendayo Namanga utaona mafundi wa kuchomelea, mmoja baada ya mwingine. Wanaunda mageti, madirisha, vitanda vya chuma, na minara ya kuwekea matangi ya maji. Wengi wanafanya kazi uani mwa nyumba zao: baba, mtoto wake, mashine moja ya kuchomelea na grainda moja.

Nilipofika nilikuta tangi la shemeji yangu limelala chini, limepasuka. Lilikuwa tangi la lita 1,000. Maji ya kiasi hicho, msomaji, yana uzito wa tani moja kamili. Mnara ulianguka alfajiri, shemeji akiwa ametoka kwenda kuswali na watoto wakiwa bado kitandani. Jana yake jioni watoto hao hao walikuwa wamekaa chini yake kivulini, wakifanya kazi zao za shule. Alhamdulillahi, hatukuzika mtu.

Shemeji alikuwa ameviweka vipande pembeni mwa ua, na akanionyesha kimoja kimoja kama hakimu anayeonyesha vielelezo. Mahali miguu ilipounganishwa, fundi hakukwangua kutu. Alipitisha moto juu juu, chuma hakikuyeyukiana na chuma. Palipobaki pengo alipaziba kwa ule unga unaokandwa na kupakwa kwenye magari yaliyobonyea, kisha akapaka rangi ya fedha. Kwa nje, kiungo kilikuwa laini kama yai.

Tena kuna habari ya unene. Bomba za chuma huuzwa kwa geji, na mtu asiyejua hudhani namba kubwa ndiyo chuma kinene. La hasha! Ni kinyume chake. Geji 16 ina unene wa kama milimita moja na nusu. Geji 18 ni kama milimita moja na sehemu mbili za kumi. Shemeji alilipia geji 16, akapewa geji 18. Tofauti hiyo huioni kwa jicho likiwa bomba limeshafungwa na kupakwa rangi.

"Angeniambia kuwa ni nyembamba," alisema shemeji, "ningenunua tangi dogo. Fukara si mwenye dhambi, na chuma chembamba pia kina kazi yake."

Maneno hayo yalinigusa, maana ndiyo yaleyale ya kisu changu. Nilimsimulia kisa changu cha Idi. Shemeji, ambaye shughuli zake ni za kupitisha mizigo forodhani, akasema: "Ukitaka kisu, tufuatane Jumamosi. Namanga yuko mzee mmoja mhunzi. Nenda ukamwone kwa macho yako."

CHINI YA MLIMA MWEUSI

Kutoka Nairobi hadi Namanga ni kiasi cha kilomita 165. Sisi tulishikia njia Kitengela, tukapita Isinya, Kajiado na Bissil, nchi ikizidi kuwa kavu na miiba ikizidi kuwa mirefu, hata tukauona mlima uitwao Ol Doinyo Orok, maana yake Mlima Mweusi. Chini yake ndipo penye mji wa Namanga, nusu Kenya nusu Tanzania. Tangu mwaka 2018 ulipozinduliwa rasmi ule mpango wa kituo kimoja cha mpakani, msafiri hukamilisha shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Malori husimama kwa safu, na akina mama wa Kimaasai hukuzunguka na shanga, vibuyu na mikuki.

Nyumba ya yule mzee iko nyuma ya mji, mbali kidogo na makelele. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda chini ya mgunga. Shemeji akamwamkia, "Sopa!" naye akajibu, "Ipa!" kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili, "Karibu mgeni wa baharini."

Karakana yake ni paa la mabati juu ya nguzo nne. Fuawe lake ni kipande cha reli kilichopigiliwa kwenye gogo, nacho alikinunua kwa mnada, na karatasi ya mnada anayo. Pana tindo, koleo tatu, nyundo, ndoo ya mafuta machafu ya injini, na tanuri ya udongo. Zamani, alisema, baba yake alivukuta kwa mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi yenye mdomo wa udongo. Yeye anatumia gurudumu la baiskeli linalozungusha feni ndogo. Na ni nani aliyekuwa akizungusha gurudumu hilo? Mjukuu wake wa miaka kumi! Nilicheka peke yangu. Methali yetu ya pwani nimekuja kuiona kwa macho yangu kwenye nchi kavu.

Mzee huyu ni wa watu waitwao Ilkunono, ambao kwa Wamaasai ndio wahunzi tangu enzi za mababu. Kabla ya vyuma vya viwandani kuenea, wazee wao walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kwenye makorongo ya mito, wakauyeyusha kwa makaa, wakafua mikuki na sime ambazo wapiganaji wa Kimaasai walizitegemea kwa maisha yao. Sime kwa lugha yao huitwa olalem, na mkuki eremet.

Lakini ajabu ni hii. Watu hao ambao silaha zao zililinda ng'ombe wote wa Umaasai walidharauliwa na ndugu zao wenyewe. Hawakuoana nao. Mwingereza A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wamaasai kilichotoka mwaka 1905, aliandika kwamba Mmaasai akipokea kitu kilichoshikwa na mhunzi, alijipaka mafuta mikononi kwanza. Sababu inayotolewa sana ni kwamba mhunzi ndiye aliyeunda chombo cha kumwaga damu, basi mikono yake ina uchafu wa damu hiyo.

Nilimwuliza mzee kama dharau hiyo ingalipo. Akasema vijana wa leo wanaosoma pamoja hawajali sana, ila wazee wengine bado hunong'ona linapokuja suala la kuoa. Kisha akaongeza neno ambalo sitalisahau: "Walitudharau, lakini hawakupata kusema kwamba tunadanganya. Mkuki wa uongo haumrudishi mwenyewe nyumbani."

WA UKUTANI NA WA NG'OMBE

Pembeni palikuwa na mafungu mawili ya mikuki. Fungu la kwanza lilikuwa la mikuki myembamba inayong'aa, inayofunguka vipande vitatu ili iingie katika sanduku la mtalii. Fungu la pili ilikuwa mitatu tu, mizito, yenye rangi ya moshi. Nilidhani nimemkamata. Nikamwambia, "Mzee wangu, na wewe pia waunda vya kudanganyia wageni? Kwetu husema kutu kuu ni la mgeni."

Hakukasirika. Akachukua mmoja wa ile inayong'aa akaukunja kwa goti, ukakunjika kama waya. "Huu ni wa ukutani," alisema. "Nimeutengeneza kwa nondo ya dirishani. Anayeuchukua kuuza namwambia ni wa ukutani, na bei yake ni ya ukutani. Ule ni wa ng'ombe." Akachukua mmoja wa fungu la pili, akaukita ardhini na kuupinda kwa uzito wake wote. Ukapinda kama upinde, akauachilia, ukarudi ulivyokuwa.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba uaminifu wa fundi hauko katika kuunda vitu ghali peke yake. Mtu mwenye watoto huunda kinachonunuliwa. Uaminifu uko katika kukiita kila kitu kwa jina lake, na kukiuza kwa bei ya jina hilo.

Mtoto wake, ambaye naye anachomelea mageti hapo hapo uani, akanionyesha siri ya tofauti. Alitia nondo kwenye grainda: cheche zikatoka ndefu, zimenyooka, kama nyuzi. Kisha akatia kipande cha springi ya lori: cheche zikapasuka nyota nyota, kama fataki. Sababu ni kaboni iliyomo ndani ya chuma. Nondo za kawaida za madirisha zina kaboni chache, kiasi cha sehemu mbili katika elfu au chini yake. Springi ya lori ina kama sehemu sita katika elfu. Kidogo hicho ndicho kila kitu, kwa maana chuma kisicho na kaboni ya kutosha, ukipashe moto na kukizimisha utakavyo, hakishiki ugumu. Hutoa makali ya kunyoa unywele mmoja na kulala kwenye kazi ya pili. Nikakumbuka kisu changu, uso ukanifumba.

CHUMA KINA MWENYEWE

Nilimwomba anifulie kisu cha kuchinjia. Aliniuliza mengi kuliko daktari. Nachinja nini? Wangapi kwa siku? Nashika kwa mkono gani? Nikamweleza kwamba sisi hukata koo kwa kisu chenye makali sawasawa, kisicho na pengo, na kwa haraka. Akatikisa kichwa. "Sisi mbuzi wa sherehe zetu humziba pumzi. Lakini nimekuelewa. Kisu chako hakina ruhusa ya kukosea."

Alichagua jani la springi kutoka kwenye rundo, nami nikamwuliza hupata wapi springi hizo. Akasema hununua kwa wenye gereji anaowajua, na huandikiwa karatasi. Reli ya kutoka Konza kwenda Magadi hupita Kajiado, na siku moja vijana walimletea gunia la vibanio vya reli, vile vinavyobana chuma cha reli kisihame. "Ni chuma kizuri sana, kizuri kuliko springi," alisema, "lakini kina mwenyewe. Na treni ikianguka, damu hiyo nitajipaka mafuta gani?" Akawafukuza.

Wasomaji watakumbuka kwamba Januari 2022 minara ya umeme ya njia ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, nchi ikaingia gizani, na mwezi huo huo Serikali ikapiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa sababu ya wizi na uharibifu. Marufuku iliondolewa baadaye mwaka huo. Mzee alisema siku hizo alikaa bila kazi, na hata watu waaminifu waliumia kwa makosa ya wezi. Hata hivyo hakulalamika kupita kiasi. Alisema kitu kilichoibwa hakina uhodari wa fundi unaoweza kukisafisha. Sisi twaliita jambo hilo halali na haramu. Yeye hakulitaja kwa jina hilo, lakini alikuwa amesimama pale pale.

UFA USIOONEKANA

Basi kazi ikaanza. Mjukuu akazungusha gurudumu, makaa yakawaka meupe, na chuma kikaingia. Mzee hana kipimo cha joto. Ana macho yake, na ana sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio kuukuu. Chuma kikifikia kiasi cha digrii 770 huacha kuvutwa na sumaku, naye hukiacha kipate moto kidogo zaidi ya hapo kabla ya kukizimisha. Alifua, akanyoosha, akapiga tupa, na jua lilipoanza kuteremka alikitia kisu motoni mara ya mwisho, akakitumbukiza katika ndoo ya mafuta. Pakatoka moshi na mlio wa kuchemka.

Alikisafisha kwa mchanga, akakigonga kwa msumari, akasikiliza. Akagonga tena. Akakielekeza juani, akanyamaza kitambo, kisha akaniita. "Tazama hapa." Nikatazama. Sikuona kitu. Akapaka mafuta kidogo, akapangusa, na ukabaki mstari mwembamba kuliko unywele, karibu na mpini. "Springi hii gari limeipiga miaka mingi," alisema. "Ufa ulikuwemo ndani."

Kazi ya kutwa nzima! Nami naapa kwamba angekisugua na kukitia mpini, ningekilipia, ningemshukuru, na ningepanda gari kurudi kwangu nisijue lolote. Hakuna mtu Namanga nzima ambaye angemjua. Alikitia tena koleo, akakikunja juu ya fuawe, kikavunjika palepale penye mstari. Akavitupa vipande, akasema, "Njoo kesho."

Nililala Namanga. Kesho yake alifua kingine kwa jani jingine, na hicho alipokigonga kililia kama kengele. Alikipasha moto mpole ili kupunguza ukavu wake, maana kisu kigumu mno huvunjika kama kioo. Rangi zikatembea juu ya chuma: manjano kama majani makavu, kisha kahawia. Ilipokaribia zambarau akakitoa. Bei yake ilikuwa mara tatu ya kile cha dukani. Nililipa bila kuvutana, na mimi ni Mswahili nijuaye kuvutana bei.

SISI NA WAHUNZI WETU

Njiani nikirudi nilijiuliza kama sisi watu wa pwani tunayo haki ya kuwacheka Wamaasai kwa kumdharau mhunzi. Ni wangapi kati yetu wangefurahi kumwoza binti kwa mfua chuma mwenye masizi? Na hali pwani hii ilitajika kwa chuma! Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kupata faida kubwa kwa kukiuza. Huko Galu, kusini ya Mombasa, wanaakiolojia akiwemo Mkenya Chapurukha Kusimba wamefukua mabaki ya kazi ya chuma ya mamia ya miaka iliyopita.

Na dini yetu je? Sura ya 57 ya Kurani inaitwa kwa jina la chuma, Al-Hadid. Katika Surat Sabaa tunasoma kuwa Nabii Daud alilainishiwa chuma akaamrishwa kuunda deraya, na apime sawasawa viungo vyake. Tafakari neno hilo: Nabii anaagizwa apime sawasawa! Khabbab bin Al-Aratt, miongoni mwa wa mwanzo kusilimu, alikuwa mhunzi wa panga pale Makka. Na mtoto wa Mtume, Ibrahim, alinyonyeshwa nyumbani kwa Abu Sayf, mhunzi wa Madina, na Mtume akawa akienda kumwona mwanawe katika nyumba iliyojaa moshi wa mivukuto. Moshi huo haukumzuia kuingia.

Basi mafundi wetu wa Kitengela, wa Mombasa, wa popote, wasidhani kazi yao ni duni. Duni ni ule unga unaoziba ufa. Na sisi wanunuzi tusijitoe lawamani, kwani mara nyingi ni sisi tunaomwambia fundi apunguze, apunguze, mpaka hana pa kupunguza isipokuwa ndani ya chuma. Ukiagiza geti au mnara, mwombe fundi akuonyeshe viungo kabla ya rangi, na upime unene wa bomba mwisho wake, kabla halijazibwa. Fundi mwaminifu hatachukia. Shemeji amefanya hivyo kwa mnara wake mpya, na fundi aliyemuundia alifurahi kuona mtu anajua anachokitazama.

Ama kisu changu, Idi ya mwaka huu kilichinja mbuzi wangu watatu na wawili wa jirani, na sikukinoa katikati. Hakina jina ubavuni, na rangi yake ni ya moshi. Jirani yangu alikishika, akakigeuza, akaniuliza nimekinunua duka gani.